Mwongozo kamili: usiku wa drafti ya NBA, tarajia nini timu yako ikianza kufanya tredi

Wakuu salama. Kila mwaka ikifika Juni magrupu ya wapenzi wa kikapu yanachemka, kila mtu ana tredi yake kichwani, yaani mabadilishano ya wachezaji kati ya timu, toa huyu, ongeza na yule, weka na chaguo la raundi ya kwanza (zamu ya timu kuchagua kijana mpya kwenye drafti), lete nyota. Alafu usiku wa drafti unafika, timu inachukua kijana wa miaka 19 ambaye wengi wetu hatujawahi kumuona akicheza hata robo moja, nyota hajaja, watu wanalala na hasira mpaka Oktoba. Naandika hii kwa ajili ya mtu anayefuatilia NBA akiwa huku kwetu, Dar, Nairobi, Goma, popote pale, na anataka kujua timu yake inaweza kweli kufanya nini usiku ule, na ikishafanya ajue imepata au imepigwa. Sio ngumu, ila inataka ufanye hesabu mapema kabla mihemko haijaanza.

Kitu kimoja ushike toka mwanzo: matarajio yako yatoke kwenye vitu ambavyo timu yako inamiliki na kwenye shida aliyonayo mwenzako, yasitoke kwenye jina la mchezaji unayempenda. Hatua zote hapa chini zinarudi hapo hapo.

Hatua ya 1: jua saa na kalenda

Raundi ya kwanza kawaida inaanza saa 2 usiku kwa saa za New York, kwetu Afrika Mashariki inakua saa 9 usiku, na ukiwa Goma au Lubumbashi ni saa 8. Tangu 2024 drafti inafanyika siku mbili, raundi ya kwanza usiku mmoja na raundi ya pili siku inayofuata, kwahiyo kama timu yako ina chaguo la 45 tu, nenda kalale, usikeshe bure. Timu inapewa dakika 5 kwa kila chaguo raundi ya kwanza na dakika 4 raundi ya pili. Zamani raundi ya pili ilikua dakika 2 tu, mameneja walikua hawapati hata muda wa kupiga simu mbili, saivi dakika zimeongezeka na wana mchana mzima katikati wa kuongea, ndo maana siku ya pili nayo ina biashara yake.

Sasa kalenda, hapa ndo mashabiki wengi wanapotea. Dirisha la tredi linafungwa Februari, alafu linafunguka tena kwa timu ambayo msimu wake umeisha. Ila linafunguka nusu. Mchezaji ambaye mkataba wake unaisha tarehe 30 Juni mwaka huo huo huwezi kumtredi usiku wa drafti, wala yule ambaye ana haki ya kujitoa kwenye mkataba na bado hajaamua. Kwahiyo ile ndoto ya "tutoe mkataba mkubwa unaoisha tupate nyota" futa kabisa mwezi Juni, huo mkataba ulikua mali mwezi Februari. Kabla hujaandika tredi yoyote kwenye grupu, angalia kwanza nani kwenye timu yako ana mkataba wa msimu ujao. Ukishafanya hilo tu, nusu ya tredi ulizokua nazo kichwani zinakufa zenyewe.

Hatua ya 2: hesabu mali ya timu yako

Chukua karatasi au notsi za simu, andika machaguo yote ya timu yako kwa miaka 7 ijayo. Kwanini 7? Kwasababu sheria inaruhusu kutredi machaguo mpaka miaka 7 mbele, sio zaidi. Kuna aina tatu za kuandika. Kuna chaguo ambalo ni lako mwenyewe, kuna chaguo la timu nyingine ambalo wewe unalidai, na kuna haki ya kubadilishana nafasi, yaani mwaka fulani ikitokea mwenzako yuko juu yako kwenye foleni unachukua nafasi yake na yeye anachukua yako.

Alafu kuna kinga. Hii kinga ndo inafanya watu wagombane kwenye grupu mpaka asubuhi, nitaielezea kwa mfano wa mtoto wa Goma. Februari 2020 Golden State walimpeleka D'Angelo Russell Minnesota, wakapata Andrew Wiggins pamoja na chaguo la Minnesota la raundi ya kwanza la 2021. Chaguo lile lilikua na kinga ya nafasi tatu za juu, maana yake Minnesota wakiangukia nafasi ya 1, 2 au 3 wanabaki nalo mwaka huo na deni linahamia 2022, ila wakiangukia nafasi ya 4 kushuka chini linaenda Golden State moja kwa moja. Bahati nasibu ya 2021, ile inayopanga nafasi za juu za drafti, ikawatupa Minnesota nafasi ya 7. Golden State wakalichukua, wakamchagua Jonathan Kuminga, kijana aliyezaliwa Goma, na mwaka uliofuata, 2022, akabeba ubingwa nao. Kwahiyo unapoandika mali yako usiandike tu "tuna chaguo la fulani", andika na kinga yake inaishia nafasi ya ngapi, na likizuiwa mwaka huu mwakani linakua vipi. Bila hiyo hujui una nini mkononi.

Sheria ya pili ya kuijua ni ile inayoitwa sheria ya Stepien. Ted Stepien alikua mmiliki wa Cleveland mwanzoni mwa miaka ya 80 na timu yake iligawa machaguo mpaka ikabaki haina kitu. Chaguo la Cleveland la 1982 likaishia mikononi mwa Lakers, Cleveland msimu ule wakashinda mechi 15 tu, chaguo likawa namba 1, na Lakers ambao ndo kwanza walikua wametoka kuchukua ubingwa wakamchagua James Worthy. Fikiria bingwa anachagua namba moja! Ligi ikasema hapana, ikaweka sheria kwamba timu haiwezi kubaki bila chaguo la raundi ya kwanza miaka miwili mfululizo ijayo.

Sheria hii inahusu miaka ijayo tu, na hapo ndo kuna siri ya kwanini tredi nyingi zinasubiri usiku wenyewe. Timu ambayo chaguo lake la mwakani limeshakwenda kwa mtu haiwezi kutredi chaguo la mwaka huu kabla ya drafti, maana itakua imekosa miaka miwili mfululizo. Ila ikishachagua, lile sio chaguo tena, ni mchezaji, na haki za mchezaji zinauzwa. Kwahiyo wanakubaliana kwenye simu mapema, timu A inamchagua kijana ambaye timu B ndo inamtaka, dakika chache baadae anahama. Ukiona meneja wako yuko kimya wiki nzima usidhani amelala, inawezekana sheria ndo inamfunga mpaka jina lisomwe.

Hatua ya 3: mishahara, hata kama inaboa

Najua hapa watu wanaruka. Usiruke. Mchezaji aliyechaguliwa ambaye hajasaini mkataba anahesabika sifuri kwenye hesabu za mishahara ya tredi. Maana yake huwezi kumchukua mtu anayelipwa dola milioni 40 kwa kutoa chaguo namba 6 peke yake, labda timu yako iwe na nafasi ya wazi chini ya kikomo cha mishahara kilichowekwa na ligi, na mwezi Juni timu za hivyo ni za kutafuta kwa tochi. Lazima utoe na mishahara inayokaribiana. Kwahiyo kila unapoona "tutatoa chaguo letu tupate nyota", uliza: na mishahara inatoka wapi?

Alafu kuna mistari miwili juu ya kikomo, inaitwa aproni ya kwanza na aproni ya pili. Msimu wa 2025-26 kikomo kilikua kama dola milioni 154.6 na aproni ya pili kama milioni 207.8. Timu iliyovuka aproni ya pili inakamatwa kila kona, hairuhusiwi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili kumpata mmoja mkubwa, hairuhusiwi kutoa pesa taslimu kwenye tredi, na chaguo lake la miaka 7 mbele linagandishwa, halitredi. Shabiki wa timu ya aina hiyo asitarajie kuletewa nyota. Atarajie kuondolewa watu.

Angalia Boston. Ubingwa 2024, mashabiki wanaota mataji matatu mfululizo, mwaka mmoja baadae Jayson Tatum anaumia mguu, kano ya kisigino inakatika, na wiki ile ile ya drafti ya 2025 Jrue Holiday anapelekwa Portland na Kristaps Porzingis anapelekwa Atlanta. Wapo waliolia kwamba meneja amebomoa timu. Ukiangalia mistari ya mishahara ilikua inaonekana toka mbali kwamba lazima watu wawili wakubwa waondoke, swali lilikua nani tu. Shabiki aliyefanya hesabu aliumia, ila hakushtuka.

Hatua ya 4: uliza mwenzako anapata nini

Hii ndo hatua ninayoithamini kuliko zote, nitakaa hapa kidogo.

Bei ya mchezaji haitokani na ukubwa wa jina lake. Juni 2025 tulipata somo ndani ya wiki moja. Tarehe 15 Orlando wakamchukua Desmond Bane kutoka Memphis, wakatoa Kentavious Caldwell-Pope, Cole Anthony, machaguo manne ya raundi ya kwanza na haki moja ya kubadilishana nafasi. Bane alikua hajawahi kuchaguliwa All-Star, ile mechi ya nyota wa ligi, hata mara moja. Tarehe 22 Houston wakamchukua Kevin Durant kutoka Phoenix, MVP (mchezaji bora wa msimu) wa 2014, mfungaji wa kutisha, na walichotoa ni Jalen Green, Dillon Brooks, chaguo namba 10 la drafti ile na machaguo matano ya raundi ya pili. Hamna chaguo hata moja la raundi ya kwanza la miaka ya mbele. Mtu ambaye hajafuatilia anaona wazimu, Bane ghali kuliko Durant?

Ila pima. Bane alikua na miaka 26 na mkataba mrefu, na Memphis hawakua na haraka yoyote ya kumuuza, kama Orlando hawatoi bei wanabaki nae na maisha yanaendelea. Durant alikua na miaka 36, mkataba umebaki msimu mmoja, na ilishajulikana ni timu zipi anataka kwenda na zipi hataki, na dunia nzima inajua Phoenix lazima wamuuze. Ni sawa na mtu aliyepeleka ng'ombe mnadani na kila mnunuzi anajua jioni hii ana ada ya shule ya kulipa, bei utapewa wanayotaka wao. Kwahiyo ukitaka kujua nyota fulani atagharimu kiasi gani usiku wa drafti, uliza vitu vitatu: mkataba wake umebaki miaka mingapi, anayemuuza analazimika au halazimiki, na wanunuzi wa kweli ni wangapi. Pointi zake kwa mechi ziweke nyuma ya hivyo vitatu.

New York mwaka mmoja kabla, 2024, siku moja tu kabla ya drafti, walikubali kutoa machaguo matano ya raundi ya kwanza na haki moja ya kubadilishana nafasi kumpata Mikal Bridges kutoka Brooklyn. Nae hakua All-Star. Hiyo ndo bei ya sokoni ya mchezaji mzuri mwenye afya ambaye muuzaji wake hana shida. Kama grupu lenu linataka mtu wa aina hiyo kwa machaguo mawili na mchezaji wa benchi, mnajidanganya, na meneja akirudi mikono mitupu msimtukane.

Zoezi: kila tredi unayoiwaza iandike ukiwa umekaa upande wa pili. Wewe ndo meneja wa Memphis. Wewe ndo meneja wa Utah. Ungekubali? Kama inabidi useme "labda watapenda tu" basi hiyo tredi ifute.

Hatua ya 5: kupanda na kushuka kwenye foleni

Tredi nyingi za usiku ule hazina nyota ndani yake, ni timu moja inapanda nafasi kadhaa kumfuata kijana inayempenda na nyingine inashuka inakusanya mali. Mashabiki wanapenda kupanda kwasababu inaonekana kama ujasiri. Mimi nina wasiwasi na kupanda, na nitasema kwanini.

New Orleans msimu wa 2024-25 walishinda mechi 21 tu. Juni 2025, fainali zikiwa zinaendelea, wakapata chaguo namba 23 kutoka Indiana kwa kuwarudishia Indiana chaguo lao wenyewe la 2026. Siku chache baadae Tyrese Haliburton wa Indiana akakatika kano ya kisigino kwenye mechi ya 7 ya fainali, na chaguo lile la Indiana lililorudishwa likapanda thamani usiku mmoja. Hapo bado. Usiku wa drafti New Orleans wakaichukua ile namba 23, wakaongeza chaguo lao la raundi ya kwanza la 2026 lisilo na kinga, lile litakalokua bora kati ya la kwao na la Milwaukee, wakawapa Atlanta wapande mpaka namba 13 kumchagua Derik Queen.

Soma tena pole pole. Timu iliyoshinda mechi 21 inatoa chaguo lake la mwakani bila kinga yoyote ili kupanda nafasi 10. Queen mwenyewe ni mchezaji wa kweli, mikono laini, pasi nzuri kwa mtu wa umbo lake, sina shida na yeye kabisa. Shida yangu ni neno "bila kinga". Wangeweka hata kinga ya nafasi nne za juu ningekaa kimya. Hapa ndo naona shabiki ana haki ya kukasirika, zaidi hata ya pale timu inapokosa nyota, kwasababu nyota uliyemkosa hukua nae, lakini chaguo la mwakani ulikua nalo mkononi.

Atlanta nao wanajua uchungu wa upande wa pili. 2018 walimchagua Luka Dončić namba 3, wakamhamishia Dallas, wakapata Trae Young aliyechaguliwa namba 5 na chaguo la Dallas la 2019 ambalo lilikuja kuwa namba 10, Cam Reddish. Trae amewapeleka fainali ya ukanda wa Mashariki 2021, sio mtu wa kubezwa, ila Luka aliifikisha Dallas fainali ya ligi 2024. Kwahiyo kushuka nako sio salama moja kwa moja. Kushuka kunalipa pale ambapo orodha yako ni tofauti na ya wenzako, yaani yule unayemtaka utamkuta hata huko chini. Boston 2017 walikua na namba 1, siku chache kabla ya drafti wakabadilishana na Philadelphia, Philadelphia wakapanda kumchukua Markelle Fultz, Boston wakashuka namba 3 na kuongezewa chaguo jingine la mbele, wakamchukua Tatum. Na ile namba 1 yenyewe ilitoka wapi? Ilitoka kwenye tredi ya usiku wa drafti wa 2013, walipowatoa Paul Pierce na Kevin Garnett kwenda Brooklyn, na mashabiki wa Boston walilia machozi ya kweli. Jaylen Brown nae, namba 3 wa 2016, katoka kwenye tredi hiyo hiyo. Brooklyn walipewa majina, Boston walipewa karatasi, na karatasi ndo ikaja kuwa ubingwa wa 2024.

Kanuni ninayotumia mimi: kupanda kwa kulipa machaguo ya raundi ya pili au chaguo lenye kinga, sawa. Kupanda kwa chaguo la mwakani lisilo na kinga, timu iwe tayari inashinda mechi 50, la sivyo naikataa hata kijana awe nani.

Hatua ya 6: usiku wenyewe, kofia na skrini

Kijana anaitwa jina, anapanda jukwaani, anavaa kofia ya timu iliyomchagua, anapeana mkono na kamishna Adam Silver. Ile kofia sio ushahidi wa atakapocheza. Tredi nyingi zinakua zimekubaliwa ila haziwezi kurasimishwa mpaka mwaka mpya wa ligi uanze Julai, kwahiyo kijana anavaa kofia ya timu ambayo hatoichezea hata dakika moja.

Khaman Maluach ndo mfano wetu wa karibu. Kazaliwa Sudan Kusini, akakulia Uganda, huko ndo kajifunza kikapu, akacheza BAL, ile ligi ya kikapu ya Afrika, akaenda chuo cha Duke Marekani. Juni 2025 akachaguliwa namba 10, na lile chaguo namba 10 ni lile lile la tredi ya Durant, kwa makaratasi ni la Houston, kwa makubaliano ni la Phoenix. Analia jukwaani kwa furaha, Uganda na Sudan Kusini watu wako macho alfajiri, na mtu ambaye hajafuatilia anaandika "Maluach kaenda Rockets". Tredi ikaja kukamilika tarehe 6 Julai, na mpaka hapo ilikua imeunganishwa na nyingine mpaka ikahusisha timu saba. Bismack Biyombo wa Lubumbashi nae 2011 alichaguliwa namba 7 kwa jina la Sacramento lakini safari yake ilikua Charlotte, tredi ya timu tatu iliyofanyika siku ile ile.

Na kuna Bridges, yule yule wa hatua ya 4. 2018 Philadelphia walimchagua namba 10, kijana wa kule kule, chuo Villanova, na mama yake alikua anafanya kazi kwenye kampuni inayomiliki timu. Mahojiano yanafanyika, familia ina furaha, muda mfupi baadae anaambiwa umetrediwa, unaenda Phoenix. Philadelphia wakapata Zhaire Smith na chaguo la Miami la 2021. Hii biashara ina watu ndani yake, tukiwa tunapanga tredi kwenye simu tukumbuke.

Kwa vitendo usiku ule fanya hivi: fungua ukurasa wa ligi au wa timu kwa machaguo rasmi, na pembeni fuatilia mwandishi mmoja au wawili wanaoaminika, mfano Shams Charania. Akaunti za kuigiza jina lake zinakua nyingi sana Juni, angalia tahajia ya jina kabla hujasambaza. Ukiona tredi usiihukumu kwenye tangazo la kwanza, maana la kwanza linasema "na machaguo" tu, maelezo ya kinga yanakuja nusu saa au siku nzima baadae, na maelezo hayo ndo tredi yenyewe.

Hatua ya 7: usidharau vitu vidogo

Matarajio ya watu yako kwenye samaki wakubwa, wakati timu zenye akili zinavua huku chini. 2013 Denver walimchagua Rudy Gobert namba 27 na kumpeleka Utah kwa chaguo namba 46 na pesa taslimu. Mlinzi bora wa mwaka mara nne huyo! 2017 Denver tena, wamemchagua Donovan Mitchell namba 13, wakampa Utah, wakapata Trey Lyles na namba 24. Mashabiki wa Utah usiku ule hamna aliyerusha fataki. Ila Denver hao hao 2014 walimpata Nikola Jokić namba 41, kwahiyo huwezi kusema hawajui kuchagua.

Chicago 2017 waliuza chaguo namba 38 kwa Golden State kwa dola milioni 3.5, Golden State wakamchukua Jordan Bell na msimu uliofuata akavaa pete ya ubingwa. Bell hakuja kuwa nyota, ila mashabiki wa Chicago walikasirika na mimi nipo upande wao, timu inayojijenga upya haiuzi chaguo kwa pesa ambayo shabiki hatoiona uwanjani. Hili weka kwenye orodha yako ya vitu vya kudai: kama timu yako ni mbovu, machaguo ya raundi ya pili yatumike, yasigeuzwe hela.

Hatua ya 8: baada ya hapo

Asubuhi yake utakutana na alama kila mahali, timu hii A, timu ile D. Zisome kwa ajili ya maelezo tu. 1996 Charlotte walimchagua Kobe Bryant namba 13 na kumpeleka Lakers wakapewa Vlade Divac, senta anayejulikana tayari, kwa kijana wa miaka 17 aliyetoka sekondari, nani angewapa Charlotte alama mbaya asubuhi ile? 2011 Indiana walimpeleka Kawhi Leonard San Antonio wakamchukua George Hill, mtoto wa Indianapolis, na leo watu wanacheka, ila wanasahau kwamba Hill alikua anaanza kwenye ile Indiana iliyofika fainali ya ukanda 2013 na 2014. Ilikua na kazi yake.

Sisi Watanzania tuna ya kwetu. 2009 Hasheem Thabeet kachaguliwa namba 2 na Memphis, na hakuna aliyetupokonya ile furaha, mtoto wa Dar namba mbili duniani. Waliomfuata ni James Harden namba 3 na Stephen Curry namba 7, na Februari 2011 Hasheem akatrediwa Houston. Siku zote nimeona matarajio tuliyombebesha yalikua ya namba aliyochaguliwa nayo, namba ambayo yeye hakuiomba.

Kwahiyo cha kufanya baada ya drafti ni kazi ya karani. Rudi kwenye ile karatasi ya hatua ya 2, futa kilichotoka, andika kilichoingia pamoja na kinga zake. Andika pia ulichotarajia wewe kabla ya drafti, kwa tarehe, ili mwakani ujipime mwenyewe usije ukasema "nilijua". Mechi za majira ya joto za Las Vegas mwezi Julai zitazame kwa ajili ya kumjua kijana, usizitumie kuhukumu tredi.

Na usidhani kijana akishasaini ndo kafika. Mchezaji mpya akisaini hatrediwi kwa siku 30, zikiisha yuko sokoni kama wengine. 2014 Cleveland walimchagua Andrew Wiggins namba 1, akasaini tarehe 24 Julai, na tarehe 23 Agosti, siku ya 30, akaenda Minnesota, Kevin Love akaja Cleveland. Kama timu yako imechagua juu na bado inamtaka nyota, weka alama kwenye kalenda siku 30 toka kijana asaini, alafu fungua tena ile karatasi.